Mtathmini Asitosheke na "Ndiyo"

Tathmini ya miradi, yaani kazi ya kupima kwa ushahidi kama mradi umeleta mabadiliko uliyokusudia, kwa nani na kwa gharama gani, ni amana nzito, kwa kuwa fedha za miaka ijayo hugawanywa kwa maneno ya mtathmini, na akikosea yeye halipi kitu, bali hulipa mwanafunzi, mkulima au mama mjamzito ambaye huduma iliyomfaa imeondolewa na isiyomfaa imeongezwa. Uongo wa makusudi katika kazi hii ni nadra. Kinachopotosha zaidi ni jibu la kufurahisha lililopokelewa kabla halijahojiwa.

Ushahidi wa jambo hili upo Busia, magharibi mwa Kenya, ambako katika miaka ya 1990 wachumi, akiwemo Michael Kremer aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walichunguza misaada iliyokuwa ikipelekwa katika shule za msingi. Shule zilizokuwa tayari na chati za kufundishia zilipolinganishwa na zisizokuwa nazo, alama za mitihani zilikuwa za juu penye chati, na mtathmini mwenye haraka angeandika hapo kwamba chati huongeza ufaulu. Lakini shule 178 zilipogawanywa kwa utaratibu usiojali hali ya shule, 89 zikapewa chati na nyingine zikaachwa zilivyo, tofauti ile haikuonekana. Yaelekea shule zilizojipatia chati zenyewe zilikuwa na mengine pia, kama wazazi wenye kujitolea au mwalimu mkuu mwenye bidii, na sifa yote ikapewa karatasi iliyoning'inia ukutani. Ndiyo maana mtathmini hana budi kuuliza mapema hali ingekuwaje kama mradi usingekuwapo, na kutafuta kundi linganishi, yaani watu wanaofanana na walengwa kwa kila hali isipokuwa huduma inayopimwa. Kundi hilo lisipopatikana, basi akiri hivyo katika ukurasa wa kwanza wa ripoti, wala asilifiche jambo hilo kwenye kiambatisho.

Katika eneo hilohilo vitabu vya kiada navyo vilipimwa, na somo lake ni zito zaidi. Wastani wa alama za wanafunzi haukupanda, hata hivyo wanafunzi waliokuwa bora tangu mwanzo walifaidika. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto wale, hivyo aliyekuwa nyuma alikabidhiwa kitabu asichoweza kukisoma. Wastani peke yake ungelificha neema ya wachache na kuachwa kwa wengi kwa pamoja, na kwa hiyo mtathmini mwangalifu huyachambua matokeo kwa mafungu, akitazama wasichana na wavulana, walio karibu na barabara na walio mbali, wanaojua kusoma na wasiojua.

Lugha humtega mtathmini mwenyewe pia, tena ndani ya dodoso, ile fomu ya maswali wanayopita nayo wadadisi nyumba kwa nyumba. Mwanamke akiulizwa huenda kuchota maji saa ngapi, akajibu "saa kumi na moja", huenda anamaanisha alfajiri kabla jua halijachomoza. Mdadisi akiingiza 11:00 kwenye kishikwambi, safari ya gizani yenye hatari zake imegeuka matembezi ya mchana, na hakuna mtakwimu wa makao makuu atakayeligundua kosa hilo. Dodoso lililotungwa kwa Kiingereza lifasiriwe na mtu mmoja, kisha mwingine asiyeliona la asili alirudishe katika Kiingereza, na penye tofauti ndipo pa kurekebisha. Baada ya hapo lijaribiwe kwa watu wachache wa kijiji ambacho hakimo katika sampuli.

Halafu kuna adabu. Mgeni akifika na gari la mradi, akakaribishwa kiti na kuuliza mbele ya mwenyekiti wa kijiji kama mradi umewasaidia, atajibiwa "ndiyo, tunashukuru", na jibu hilo ni la heshima kwa mgeni, halithibitishi kwamba bomba linatoa maji. Yafaa aulize jambo la karibu linaloweza kuonekana: maji ya jana yalichotwa wapi, yalijaza ndoo ngapi, na kiasi gani kililipwa. Yafaa zaidi afike kisimani mapema asubuhi, akae kando, ahesabu ndoo.

Nyenzo za kazi zipo, na nyingi hazihitaji fedha. Vigezo vya kamati ya misaada ya maendeleo ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, vilivyoanza vikiwa vitano mwaka 1991 na kufikia sita mwaka 2019, humkumbusha mtathmini kuuliza kuhusu umuhimu wa mradi, upatanifu wake na juhudi nyingine, ufanisi, tija, athari na uendelevu, ilimradi asivifanye orodha ya kutia vema. Chama cha tathmini cha Afrika, AfrEA, kilichoundwa Nairobi mwaka 1999, kina miongozo iliyotungwa kwa kuzingatia bara hili. Takwimu za sensa za Kenya za mwaka 2019 na za Tanzania za mwaka 2022 zichunguzwe kabla ya kuwasumbua watu kwa maswali ambayo wamekwisha kuyajibu. Vibali vya utafiti, vinavyotolewa na tume za sayansi na teknolojia, COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya, viombwe mapema, kwa kuwa ratiba nyingi huvurugika hapo.

Linalosahauliwa kuliko yote ni kuwarudishia matokeo waliohojiwa. Gharama yake haina budi kuandikwa tangu kwenye hadidu za rejea, yaani hati inayoeleza mtathmini ametakiwa kufanya nini, kwa maana isipoandikwa humo, fedha huisha siku ripoti inapokabidhiwa kwa mfadhili. Kurasa mbili za Kiswahili chepesi zatosha, zisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtendaji, ambapo yule aliyechota maji saa kumi na moja alfajiri ataweza kunyoosha kidole na kusema kwamba namba hii si sahihi.