Kosa la Mavazi ni Kisingizio Tu

Ni wasichana wachache wa mitaa ya mashariki mwa Nairobi wanaofika kidato cha nne kabla ya kuhitimu katika somo lisilomo kwenye mtaala wowote: namna ya kupita mbele ya kundi la wanaume. Pale Kariobangi, kwenye vituo vya matatu kando ya barabara ya Outer Ring au mbele ya gereji za Light Industries, msichana hujifunza mapema kuharakisha hatua, kujitia uziwi anapopigiwa miluzi, na kuzunguka njia ndefu ili asishikwe mkono. Akithubutu kulalamika, huulizwa kwanza: "Kwani ulikuwa umevaa nini?"

Si wote waulizao hivyo walio na nia mbaya. Wengi ni wazazi na walimu wanaoamini kwa dhati kwamba vazi la heshima ni ngao. Basi yafaa dai hilo tulipime kwa mambo yaliyokwisha kutokea, wala si kwa hasira.

Mnamo Oktoba 1968, jijini Dar es Salaam, makundi ya vijana yaliwavamia wanawake katika eneo la Kariakoo kwa sababu ya sketi fupi na magauni ya kubana. Mwezi uo huo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni ya kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana kuanzia Januari 1, 1969. Kosa kuu la mwanamke wakati huo lilikuwa kuacha miguu wazi.

Sasa turudi nyumbani. Mnamo Oktoba 2000, katika mtaa wa Kayole, usio mbali na Kariobangi, wafuasi wa kundi la Mungiki waliwavua nguo hadharani wanawake waliokuwa wamevaa suruali. Suruali ndefu hufunika miguu hadi kwenye vifundo, lakini haikuwaokoa. Wa Kariakoo waliadhibiwa kwa kufunua miguu. Wa Kayole waliadhibiwa ingawa waliifunika. Shtaka limebadilika, mshtakiwa ni yule yule.

Kisa cha Githurai chafichua mengi zaidi. Mnamo Septemba 2014, mwanamke mmoja alivuliwa nguo na kudhulumiwa ndani ya basi huku unyama huo ukirekodiwa kwa simu. Mnamo Julai 2017 mahakama ya Nairobi iliwahukumu wanaume watatu, na miongoni mwa makosa yaliyothibitishwa ni wizi wa mabavu. Je, ni mlinzi gani wa maadili anayetia mkono mfukoni mwa yule anayedai kumwadibu?

Watetezi wa hoja ya mavazi hukumbusha kisa cha Novemba 2014, ambapo mwanamke alivuliwa nguo katika kituo cha matatu jijini Nairobi, eti kwa sababu ya sketi fupi. Tuchukulie kwamba ilikuwa fupi. Aliyekerwa na ufupi wa vazi angetaka mwili usitiriwe zaidi. Vipi basi dawa yake iwe kuuacha mwili mtupu mbele ya umati? Ndiyo maana tarehe 17 Novemba mamia ya wanawake, pamoja na wanaume waliowaunga mkono, waliandamana jijini. Mwezi uliofuata, Kanuni ya Adhabu iliongezwa kifungu cha 251A, kinachoruhusu kifungo cha hadi miaka 20 kwa anayemvua mwenzake nguo.

Si Kenya tu. Nchini Misri, ambako wanawake wengi hujifunika kichwa, utafiti wa shirika la Umoja wa Mataifa la wanawake uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba asilimia 99.3 ya waliohojiwa walikuwa wamesumbuliwa kwa namna moja au nyingine. Kama kitambaa kingekuwa kinga, idadi hiyo ingetoka wapi?

Wala hatuna haja ya kusafiri mbali. Itazame sare ya shule. Urefu wa sketi hiyo huamuliwa na shule na kukaguliwa na mwalimu, lakini anayeivaa huitwa na kufuatwa kituoni kama wengine. Kwa upande mwingine, fundi anayefanya kazi kifua wazi, au utingo ambaye suruali yake imeshuka chini ya nyonga, hajapata kuzingirwa na umati wa kumrekebisha.

Simaanishi kwamba adabu ya mavazi haina maana. Kila jamii ina desturi zake, na mzazi ana haki ya kumshauri mwanawe, awe wa kike au wa kiume. Lakini hilo ni suala la malezi. Nani ana mamlaka ya kumtukana, kumshika au kumvua mpita njia ni suala la sheria, na jibu lake ni moja: hakuna. Ibara ya 28 na ya 29 za Katiba ya 2010 humhakikishia kila mtu heshima na usalama dhidi ya ukatili, uwe wa serikali au wa watu binafsi. Hazikutaja mshono wa nguo.

Hata hivyo, sheria ina mapengo. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kinachohusu usumbufu wa kingono, kinamlenga mwenye mamlaka au cheo cha umma. Hakikuandikwa kwa ajili ya kundi la kituoni. Wabunge wana kazi hapo, na vyama vya matatu navyo viwajibike kwa mienendo ya wafanyakazi wao.

Lakini kazi kubwa zaidi imo madarasani. Kila msichana anapofundishwa kukwepa kituo, mvulana aliyeketi kando yake hujifunza pia, bila kuambiwa, kwamba kituo ni milki yake. Hoja ya mdahalo na ibadilike: tuache kupima sketi, tuwaulize wavulana wetu ni nani aliyewapa barabara. Samaki mkunje angali mbichi.