Juu ya nini wazee wetu wengi «wamezaliwa» tarehe 1 mwezi wa kwanza?

Angalia karte ya mpiga kura ya mzee wa kwenu. Si ajabu ukute 01/01, kisha mwaka. Je, mama zetu wote walizaliwa siku ya Bonane? Hapana. Wengine walizaliwa wakati wa mavuno ao wakati wa vita, na hakuna aliyeandika siku. Zamani karani aliweza kuandika «karibu 1958» kwenye karatasi, ikaisha. Ordinatere haikubali vile.

Shida iko ndani ya luga zenyewe za kutengeneza programu. Katika Python, tarehe ni lazima iwe na mwaka, mwezi na siku. Ukiacha kimoja, inakataa. JavaScript yenyewe inanyamaza: ukiipa 1958 peke yake, inaifanya kuwa tarehe 1 mwezi wa kwanza 1958, bila kukuuliza. Kisha hapo hakuna tena mwenye kujua kama ile siku ni ya kweli ao ni ya kujaza fomu tu.

Kwa mzee, inaweza kuonekana kitu kidogo. Kwa kijana, hapana. Sheria 09/001 ya mwaka 2009 inasema katika inchi yetu mtoto ni mwenye hajatimiza miaka 18. Tuseme mtoto alizaliwa mwezi wa 11 mwaka 2008, lakini wakamuandika 01/01/2008. Mashini inamuhesabu mukubwa tangu Bonane ya 2026, wakati bado anabakiza miezi kumi. Akishitakiwa kwa kosa la miezi ile, anaweza kupelekwa mbele ya tribinali ya wakubwa, na katika gereza la wakubwa.

Dawa iko. Tangu 2019, kanuni ya kimataifa ISO 8601-2 inaruhusu kuandika 1958~, maana yake «karibu 1958». Java nayo, tangu 2014, ina namna ya kuweka mwaka peke yake. Kwa hiyo wanaonunua programu za komini, hospitali na masomo wanapaswa kuuliza swali moja mbele ya kulipa: mutu asiyejua siku yake ya kuzaliwa, mutamuandika namna gani?

Na sisi wazazi tuna sehemu yetu. Sheria inatupa siku 90 za kumuandikisha mtoto kwenye etat civil. Tukienda kwa wakati, mashini haitapata nafasi ya kumuchagulia mtoto wetu siku ya kuzaliwa.