Mhadhara wa Umma, Umma Upi?

Haya jamani. Nilijiahidi nisiandike nikiwa na hasira, lakini hili limenishinda.

Juzi mhariri alinituma kuripoti mhadhara wa umma katika chuo kikuu kimoja. Sikitaji jina, maana ugonjwa huu si wa chuo kimoja. Mada ilikuwa Vita vya Maji Maji na kumbukumbu za jamii. Tangazo lilikuwa kwa Kiswahili safi: wananchi wote mnakaribishwa. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja aliyetoka Mbagala kwa daladala mbili. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu." Akaniambia kwao ni Umatumbi, na amekuja kwa sababu amesikia leo wanazungumzwa wazee wake.

Mtoa mada akasimama, akasema "karibuni sana." Hicho ndicho Kiswahili pekee tulichopata kwa saa nzima na nusu. Kilichofuata ni Kiingereza kitupu, tena kile cha kwenye vitabu. Mhadhara wenyewe ulikuwa mzuri, sisemi uongo. Tatizo ni kwamba kila baada ya dakika mbili mzee ananiuliza, "Anasemaje?" Nikawa namnong'oneza, mpaka dada mmoja wa mbele akageuka akatuambia tunapiga kelele.

Ukafika wakati wa maswali. Mzee akapewa kipaza sauti. Akasimulia kwamba alipokuwa mtoto, wanafunzi wa chuo walifika kijijini kwao na mashine ya kurekodia, wakakaa na babu yake siku mbili, babu akawaeleza yote aliyoyaona na aliyoyasikia. Swali lake: yale maneno ya babu yako wapi, na sisi wajukuu tunaweza kuyasikia?

Swali gani zuri kuliko hilo? Mwenyekiti wa kikao akamwomba kijana mmoja awatafsirie wageni. Kijana akasimama, akafupisha habari yote kwa sentensi moja: mzee anashukuru kwa mhadhara mzuri. Watu wakapiga makofi. Swali linalofuata!

Tulipotoka nje mzee akaniuliza walimjibu nini. Nikamwambia watalifanyia kazi. Nilimdanganya.

Halafu nikarudi ofisini, nikaandika habari inayoanza na "mgeni rasmi amesema." Mzee hakumo. Kwa hiyo kabla hamjaniuliza, na mimi nimo kwenye orodha ya wakosaji.

Sasa tuzungumze. Maji Maji ilianza Julai 1905 huko huko Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Wanahistoria wanakadiria kwamba hadi vita vinakwisha mwaka 1907 walikuwa wamekufa watu kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Habari hizi tunazijua kwa sababu mbili. Moja ni mafaili ya Wajerumani. Ya pili ni midomo ya wazee. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiitwa bado University College, walitawanyika kusini kukusanya simulizi za walioviona vita na watoto wao. Kazi kubwa, na ya kujivunia. Wazee walizungumza Kiswahili na lugha zao. Ripoti zikatoka kwa Kiingereza.

Mwaka uliofuata, 1969, kijana aliyesoma hapo hapo Mlimani, Ebrahim Hussein, alichapisha tamthilia ya Kinjeketile kwa Kiswahili. Nenda sokoni, nenda kijiweni, uliza watu kuhusu ripoti za 1968, kisha waulize kuhusu Kinjeketile. Utaona ipi imefika kwa watu. Kinjeketile ilisomwa mashuleni miaka na miaka, na tafsiri ya Kiingereza ikaja baadaye, mwaka 1970. Wala haikupungukiwa na fikra kwa kuanza na Kiswahili. Tusidanganyane.

Najua visingizio. Eti Kiswahili hakina istilahi. Idara ya Kiswahili ya Mlimani inafundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili tangu 1970. Kama fonolojia inafundishika, babu wa mtu kung'oa pamba kunashindikana vipi?

Eti kuna wageni. Sawa, mgeni apewe mkalimani. Nyumba gani hii ambayo mgeni mmoja akija, wenyeji mia mbili wote wanabadili lugha?

Eti majarida ya kitaaluma ni ya Kiingereza. Waandike huko kwa Kiingereza, hakuna aliyewakataza. Mimi nazungumzia mhadhara wa umma. Ukishaandika "umma" kwenye tangazo, umeingia mkataba na yule mzee wa Mbagala.

Na msidhani huu ni ugomvi wa lugha tu. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani, akakutana na familia ya Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906. Familia hiyo inatafuta fuvu lake, linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Kule Kilimanjaro familia ya Mangi Meli, aliyenyongwa mwaka 1900, inatafuta hivyo hivyo. Katika mambo haya shahidi ni familia. Wanaokumbuka nani alizikwa wapi, nani alichukuliwa, nani hakurudi, ndio hao hao tunaowaambia wanapiga kelele ukumbini. Siku watakapokufa tutabaki na mafaili ya Wajerumani peke yake, na tutayasoma kwa Kiingereza.

Kila tarehe 7 Julai tunavaa fulana za Siku ya Kiswahili Duniani, tuliyopewa na UNESCO mwaka 2021. Tunapiga picha, tunajipongeza. Kesho yake tunaingia ukumbini na kumwomba mzee ashukuru kwa Kiingereza.

Ninachoomba si makubwa. Mhadhara wa umma wa historia au utamaduni utolewe kwa Kiswahili. Ikishindikana kabisa, watu wapewe muhtasari wa Kiswahili mlangoni, na swali la Kiswahili lijibiwe kwa Kiswahili. Kanda na ripoti za miaka ile zitafutwe, zitafsiriwe, zisomwe redioni, nakala zirudi vijiji zilikotoka. Na sisi waandishi tuache kukimbilia mgeni rasmi wakati habari imekaa pembeni yetu na kofia yake mkononi.

Mimi nimeanza. Nilichukua namba ya simu ya mzee, na Jumamosi nakwenda Mbagala na kinasa sauti. Mhariri akiikataa habari, nitaileta hapa, yote, bila kufupisha.

Wewe uliyesoma historia chuoni, babu yako unamweleza nini ulichosoma? Na kwa lugha gani? Nasubiri.