Bulgaria: nchi ya mawaridi na ya majina yaliyoporwa

Wiki hii tunaelekea kusini mashariki mwa Ulaya, katika nchi ya Bulgaria. Kusini imepakana na Uturuki na Ugiriki, mashariki ina Bahari Nyeusi, na kaskazini mto Danube unaitenga na Romania. Ni nchi inayotajwa kwa nadra majumbani mwetu, ingawa takriban mtu mmoja katika kila kumi wa wakazi wake ni Muislamu.

Mgeni wa Bulgaria huanza kwa kujifunza lugha ya kichwa. Wabulgaria wengi hutikisa kichwa upande huu na huu wakimaanisha ndiyo, na hukiinua juu wakimaanisha hapana. Basi ukiulizwa kama uongezewe chakula, nawe ukakataa kwa kutikisa kichwa kama ulivyozoea, usishangae sahani ikijazwa tena.

Mezani hapakosi mtindi, ambao Wabulgaria wanaujivunia mno. Mwaka 1905, mwanafunzi wao wa utabibu aitwaye Stamen Grigorov, akiwa Geneva, aliitambua bakteria inayougandisha, nayo hadi leo hubeba jina la nchi yake. Mtindi huo huandamana na saladi ya nyanya na matango iliyonyunyiziwa jibini nyeupe. Muislamu na aulize kabla ya kula nyama, kwani nguruwe huliwa sana.

Karibu na mji wa Kazanlak lipo Bonde la Mawaridi. Kila Mei na Juni wachumaji huamka alfajiri na kuyachuma maua kabla jua halijakausha harufu yake. Kilo moja ya mafuta ya waridi hudai zaidi ya kilo 3,000 za maua. Mama anayethamini marashi ataelewa kwa nini kichupa kidogo kina bei kubwa.

Bulgaria ilikuwa chini ya Dola ya Uthmaniyya kwa takriban karne tano, hadi mwaka 1878. Wabulgaria walio wengi, ambao ni Wakristo wa Kiothodoksi, huukumbuka utawala huo kuwa ni zama za kutawaliwa. Kwa Waislamu wa nchi hiyo, wenye asili ya Kituruki, Wapomaki wanaozungumza Kibulgaria, na wengineo, zama hizo zimeacha misikiti ambamo wanasali hadi leo. Katika mji mkuu, Sofia, upo msikiti wa Banya Bashi wa karne ya 16, na hatua chache kutoka hapo yapo makanisa na sinagogi. Mjini Shumen upo msikiti wa Tombul uliojengwa mwaka 1744.

Lakini asiifahamu Bulgaria kwa mawaridi yake tu. Katika majira ya baridi ya mwaka 1984 na 1985, serikali ya kikomunisti ya Todor Zhivkov iliwalazimisha mamia ya maelfu ya Waislamu wa asili ya Kituruki kuyaacha majina yao na kupewa ya Kibulgaria. Wapomaki walikuwa wametangulia kutendewa hivyo katika miaka ya 1970. Vijiji vilizingirwa na askari, kuzungumza Kituruki hadharani kukapigwa marufuku, na walioandamana wakapigwa risasi.

Miongoni mwa walioporwa majina alikuwa kijana mnyanyua vyuma, Naim Suleimanov, aliyeandikwa upya kuwa Naum Shalamanov. Desemba 1986, akiwa mashindanoni Melbourne, alitoroka na kwenda Uturuki. Mwaka 1988, katika Olimpiki ya Seoul, mtu huyo mwenye uzito usiofika kilo 61 alinyanyua kilo 190 juu ya kichwa chake na kutwaa dhahabu. Dunia ikamsikia akitangazwa kwa jina la Naim.

Wengine hawakuwa na jukwaa kama lake. Katika kiangazi cha mwaka 1989, zaidi ya watu 300,000 walivuka mpaka kuingia Uturuki, wakiacha nyumba na mashamba. Novemba mwaka huo Zhivkov akaondolewa, na mwezi uliofuata uongozi mpya ukakubali watu warejeshewe majina yao. Baadhi ya waliohama walirudi kwao. Januari 2012 bunge la Bulgaria lililaani rasmi yaliyotendeka.

Kwa hiyo, si insafu kumtwisha Mbulgaria wa leo dhambi ya utawala uliopita, na pia si insafu kuwasahau waliodhulumiwa. Mgeni mwema hushukuru mtindi na waridi, na husikiliza pia simulizi ya mzee wa kijijini aliyewahi kuitwa kwa jina lisilo lake.

Wahenga walisema, jina jema hung'aa gizani. Sisi humpa mtoto jina siku ya saba tukichinja na kuomba dua, kisha mara nyingi tunaliacha likatwe vipande mitaani bila yeyote kutulazimisha. Wazazi, jioni moja wiki hii waketisheni watoto, muwaeleze kila mmoja maana ya jina lake na nani alilichagua. Wapo watu waliohama nchi yao kwa ajili ya kitu hicho hicho.