Mota Ikiungua, Pimeni Kwanza Ndipo Mmlaumu Fundi



Ipo desturi mbaya katika sehemu nyingi za kazi. Mtambo ukifa, anatafutwa mtu kabla haijatafutwa sababu. Sisi mafundi wa pampu tunaoishi Chinsapo, hapa Lilongwe, tumeiona desturi hiyo kwa macho yetu, na tunataka kuieleza kwa kisa kimoja.

Mwishoni mwa mwaka 2022 mwenzetu alikuwa akitunza bwawa la kuogelea la nyumba moja ya wageni mjini. Kando ya bwawa palikuwa na maporomoko ya mapambo: maji yanapandishwa na pampu juu ya mawe, yanaanguka, basi wageni wanafurahi. Pampu ilianza kudondosha maji penye shafti. Fundi akatoa taarifa kwamba sili imekwisha, inunuliwe mpya. Akaambiwa asubiri. Maji yakaingia kwenye beringi, beringi zikashika kutu, zikapiga kelele wiki nzima, na mwisho mota ikakwama na kuungua. Sili ni kitu cha bei ndogo, mota si kitu cha bei ndogo.

Msimamizi akanunua mota nyingine, tena kubwa kuliko ya kwanza, ili maji yaruke vizuri zaidi. Hiyo haikumaliza hata wiki mbili. Kila ikiwashwa ilinguruma bila kuzunguka. Swichi ya joto iliyomo ndani ikaizima, ikapoa, ikajiwasha, ikanguruma tena. Ikaungua. Hapo ndipo fundi alipokatwa mshahara, eti ameunguza mota mbili.

Tulikwenda kuangalia. Tulizima umeme kwenye bodi kuu, tukazungusha shafti kwa mkono: ilizunguka laini, kwa hiyo haikuwa imekwama. Kapasita tuliitoa chaji kwanza, tukaipima, ilikuwa nzima. Msimamizi akasema basi lawama ni ya umeme wa nchi. Ni kweli kwamba kimbunga Ana cha Januari 2022 kiliharibu kituo cha Kapichira, na nchi nzima ilipata shida ya umeme. Lakini siku ile mita yetu kwenye bodi kuu ilisoma volti 226. Tukafunga mota ya kuazima yenye ukubwa uleule, tukapima kwenye mota yenyewe wakati wa kuwasha: volti 171.

Volti 55 zilikuwa zimepotelea njiani. Tukafuata waya bustanini, tukakuta ni waya mwembamba uliotandikwa zamani kwa ajili ya taa za maua. Mota ndogo uliiweza kwa shida. Mota kubwa ikivuta mkondo zaidi, volti zinashuka zaidi, nguvu ya kuanza kuzunguka inakosekana. Na mota iliyosimama huku ina umeme hunywa mkondo mara tano au sita ya kawaida yake. Mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Hesabuni wenyewe mara tano ni joto kiasi gani. Hakuna koili ya kustahimili hayo.

Ndugu wa mashamba ya tumbaku, chai na miwa, msidhani hii ni habari ya mabwawa ya matajiri tu. Pampu ya kumwagilia iliyowekwa mbali na bodi hufa kifo hichohicho, na anayelaumiwa ni mtu wa zamu.

Hapa tujiseme na sisi wenyewe. Wengi wetu mota ikinguruma huchukua kijiti au bisibisi tukaisukuma panga ianze, umeme ukiwa umewaka. Tuache. Tena kando ya bwawa, ambako miguu imelowa na watu wanaoga, mkondo wa tatu za mia ya ampea, yaani miliampea 30, unaweza kuwa hatari kwa moyo. Pampu ya namna hiyo lazima iwe na waya wa ethi na swichi ya kukata umeme unapovuja. Mwajiri akikosa kuviweka, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Malawi ya mwaka 1997 inamhusu yeye kwanza.

Hatupingi nidhamu. Fundi mzembe aonywe. Tunachokataa ni adhabu bila kipimo. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara usikatwe ila kwa masharti yaliyowekwa na sheria, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya msimamizi haimo. Taarifa ya fundi iandikwe daftarini, na tarehe iwepo, ili siku ya lawama daftari lifunguliwe. Mwenzetu alisema kwa mdomo tu, na ndiyo maana alishindwa.

Waya mnene umekwisha kutandikwa, na maporomoko yanafanya kazi. Mwaka 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi wa mijini warudi kambini, fundi yule alirudi Dzaleka na familia yake. Fedha alizokatwa hajarudishiwa. Tumeandika barua mbili, na wiki hii tunapeleka ya tatu, pamoja na vipimo vyetu.