UCHANGANUZI: Vita vya kampuni vilivyomwachia mchezaji wa kompyuta skrini nafuu

MCHEZAJI wa michezo ya kompyuta anayeingia dukani kutafuta skrini hukutana na nembo nyingi kwenye boksi. G-Sync, FreeSync na Adaptive-Sync ni baadhi ya majina hayo, na yote huahidi kuondoa kero moja: picha inayokatika vipande gari la mashindano linapopiga kona.

Swali linalomkabili ni iwapo ahadi hiyo ni ya kweli, au ni mbinu tu ya wauzaji ya kumfanya afungue kibeti zaidi.

Chanzo cha kero hiyo ni vifaa viwili visivyosikizana. Skrini ya kawaida huchora picha upya mara 60 kila sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7, liwe liwalo. Kadi ya picha iliyo ndani ya kompyuta nayo haina mwendo mmoja. Mchezo ukiwa mtulivu yaweza kutoa picha 90 kwa sekunde, lakini mapigano yanapopamba moto ikashuka hadi 50.

Picha mpya inapofika wakati skrini ingali inachora ile ya awali, sehemu ya juu huonyesha ya zamani na ya chini mpya. Mtazamaji huona mpasuko, mithili ya karatasi iliyoraruliwa.

Kwa miaka mingi dawa ilikuwa kuilazimisha kadi isubiri zamu ya skrini, utaratibu ujulikanao kama V-Sync. Hata hivyo, dawa hiyo ilikuwa na madhara yake. Picha iliyochukua milisekunde 17 kutengenezwa hukosa zamu kwa muda mfupi mno, kisha hulazimika kungoja hadi milisekunde ya 33. Ni sawa na abiria anayefika kituoni basi likiondoka. Matokeo yake ni mchezo unaokwamakwama na vitufe vinavyochelewa kuitikia.

Teknolojia hii mpya iligeuza mambo: sasa skrini ndiyo inayoisubiri kadi. Picha ikiwa tayari, skrini huichora papo hapo.

Kampuni ya Nvidia ya Marekani ndiyo iliyotangulia, ilipotangaza G-Sync mnamo Oktoba 2013. Lakini kila skrini ilihitaji kifaa maalumu cha Nvidia ndani yake. Aidha, teknolojia hiyo ilikubali kadi za Nvidia pekee. Gharama ya kifaa hicho iliishia kwa mnunuzi, ambaye mara nyingi alilipa hadi dola 200 zaidi.

Wapinzani wao hawakulala. Mnamo Mei 2014, VESA, shirika linaloweka viwango vya skrini, liliingiza Adaptive-Sync katika kiwango cha DisplayPort bila kutoza ada ya matumizi. Kwa kutegemea kiwango hicho, kampuni ya AMD ilifungua FreeSync kwa wateja mnamo Machi 2015. Watengenezaji wa skrini waliikumbatia kwa kuwa haikuhitaji kifaa cha ziada.

Januari 2019, Nvidia ililegeza msimamo na kuruhusu kadi zake mpya zitumie skrini za kiwango hicho cha wazi. Ilisema kuwa ilikuwa imepima skrini 400 na 12 pekee ndizo zilizofaulu majaribio yake, ingawa wenye nyingine waliruhusiwa kujiwashia wenyewe. Mnamo Agosti 2024, ilitangaza ushirikiano na MediaTek ili uwezo wa G-Sync uwekwe katika chipu za kawaida za skrini, bila kile kifaa cha awali.

Vita vya panzi, wahenga walisema, ni furaha ya kunguru. Teknolojia iliyokuwa ya wenye fedha sasa imo katika skrini nyingi za bei ya wastani.

Lakini upatikanaji si sawa na manufaa. Anayefaidika zaidi si mwenye kompyuta yenye nguvu kupindukia. Kadi inayotoa mamia ya picha kwa sekunde hupunguza mpasuko kiasi kwamba macho hayauoni kwa urahisi. Wa kunufaika ni mwenye mashine ya kadri, ambayo mwendo wake hupanda na kushuka kati ya picha 50 na 75. Kwake yeye, mchezo uliokuwa ukikwama huonekana laini.

Isitoshe, nembo pekee haitoshi. Kila skrini ina kiwango cha chini na cha juu cha mwendo inaoweza kuufuata. Skrini ya kati ya 48Hz na 75Hz haina msaada kadi inaposhuka hadi picha 40. Ile ya kati ya 48Hz na 144Hz hujinusuru kwa kuchora kila picha mara mbili, hivyo 40 huwa 80. Ili hilo liwezekane, kiwango cha juu sharti kiwe angalau maradufu ya kile cha chini. Tarakimu hizi ndizo za kuulizwa kabla ya kulipa.

Zipo kasoro pia. Baadhi ya skrini, hasa za aina ya VA na OLED, humetameta mwendo unapobadilika ghafla. Vilevile, hakuna skrini inayoongeza nguvu za kadi. Kompyuta inayotoa picha 20 kwa sekunde inahitaji kadi bora, wala si skrini mpya.

Katika maduka ya Nairobi, ambako skrini nyingi za bei ya chini ni mitumba iliyotoka maofisini, jambo hili lina uzito wake. Skrini yenye tundu la VGA pekee haiwezi kutumia teknolojia hii hata kidogo. Na hata aliyenunua mpya hana budi kutumia kebo ifaayo na kuiwasha katika mipangilio, la sivyo atakuwa amelipia kitu asichokitumia.

Kwa hivyo, anayebadilisha skrini kwa sababu nyingine hana sababu ya kuchagua isiyo na uwezo huu. Lakini anayeombwa kulipa maelfu ya shilingi zaidi kwa ajili ya nembo tu anauziwa bei ya 2013.