Wakorofi wa Bongo Flava wameenda wapi? Na je, bado tunawahitaji?

Kabla sijaingia kwenye mada, ngoja niwasimulie kilichonifanya niandike.

Wiki iliyopita jioni nilikuwa nimekaa barazani na babu mmoja jirani yetu hapa Bagamoyo, mvuvi wa zamani. Mtaa wa pili kulikuwa na kigodoro, spika zinapiga singeli kwa fujo, vitoto vimejaa vinacheza. Babu akatikisa kichwa, akaniambia, "Mjukuu wangu, hawa wasanii wenu hawana adabu hata chembe. Wote wahuni tu." Mdogo wangu yupo kidato cha tatu, alikuwa pembeni anachezea simu. Bila kuinua macho akajibu, "Samahani babu, uhuni gani? Hao wote waoga. Siku hizi hamna msanii mkorofi hata mmoja."

Sasa wadau, hapo nani yuko sahihi? Babu anasema wote wakorofi, dogo anasema hakuna. Nimelifikiria sana hili jambo, na kwa mtazamo wangu wote wawili wako sahihi. Tatizo ni kwamba kuna ukorofi wa aina mbili, na sisi vijana tumezoea kuuchanganya.

TUANZE NA BABU MWENYEWE

Babu ana miaka sabini na kitu. Maana yake mwaka 1969 alikuwa kijana kabisa. Na mwaka huo haukuwa wa mchezo kwa vijana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi na suruali za kubana vikapigwa marufuku. Halafu Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, mkoa ambao wakati ule ulikuwa pamoja na Dar es Salaam, akapiga marufuku muziki wa soul. Yaani muziki wa kina James Brown! Hoja ilikuwa ileile tunayoisikia mpaka leo: utamaduni na maadili ya vijana.

Nilipomkumbusha hayo babu akacheka mpaka akakohoa. Akakiri kwamba suruali ya kubana alikuwa nayo moja, ila aliiweka kwa rafiki yake ili mama yake asiione.

Kwa hiyo babu naye alikuwa "mhuni" wa enzi zake. Kila kizazi kina muziki wake wa kuwaudhi wazazi. Huu mimi nauita ukorofi wa nguo: kuvaa, kunyoa, kucheza, kutukana kidogo. Una raha yake, na ukikua unaacha mwenyewe. Babu aliuacha, leo anaulaumu kwa wengine.

Aina ya pili ni ukorofi wa kusema. Huu haukuanza na Bongo Flava wala hauna umri. Vuka bahari tu hapo Unguja. Siti binti Saad, yule wa taarab aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba wimbo unaoitwa Kijiti. Ulihusu mwanamke aliyeuawa, muuaji akakimbilia bara, halafu wanawake waliotoa ushahidi ndio wakafungwa. Mahakama ilikuwa ya wakoloni, na mwimbaji alikuwa mwanamke aliyetoka familia maskini. Hakuwa na mtindo wa nywele wa kumuudhi mtu. Alitaja jambo lililotendeka, basi. Na watu wakaimba naye.

BONGO FLAVA ILIKUWA NA VYOTE VIWILI

Miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, kaka zetu wanasema hii miziki iliitwa ya kihuni. Suruali kubwa, kofia nyuma, wazazi wanafoka. Lakini ndani ya hizo suruali kubwa kulikuwa na maneno. Mr II, yaani Sugu, alitoa Hali Halisi. Mwaka 2001 Profesa Jay akatoa Ndiyo Mzee, akimwigiza mwanasiasa anayeahidi vitu visivyowezekana huku watu wanaitikia. Vijana wakapata mambo mawili kwa pamoja: staa wa kumuiga mavazi na staa wa kuwasemea.

Na hawa hawakuishia kwenye maiki. Sugu akawa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010 kupitia CHADEMA, Profesa Jay akawa mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Mwaka 2018 Sugu akahukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno yaliyosemekana kumkashifu Rais Magufuli. Sikubaliani na kila alichowahi kusema Sugu, ila huwezi kumwambia ni mkorofi wa maigizo.

Sasa tuje mwaka 2017. Mimi nilikuwa darasa la sita na nakumbuka vizuri. Nay wa Mitego alitoa Wapo. Machi akakamatwa Morogoro, BASATA ikaufungia wimbo. Bodaboda wa hapa kwetu wakawa wanaupiga kwa sauti ya chini wakipita karibu na kituo, wakishavuka wanafungulia. Mara tunasikia Waziri Mwakyembe anatangaza kuwa Rais ameagiza Nay aachiwe na wimbo upigwe, tena akashauri aongeze na watu wengine wa kuwasema kama wakwepa kodi. Tukashangilia. Ila baada ya siku chache, sisi watoto tulishauacha ule wimbo. Wakati ule sikuelewa kwa nini. Leo nadhani naelewa: ulikuwa umeshapewa ruhusa kutoka juu. Ukorofi wenye kibali cha rais ni ukorofi gani?

Siku chache tu baadaye, Aprili 5, Roma Mkatoliki na wenzake wakachukuliwa na watu wasiojulikana wakiwa studio Dar. Walipatikana siku tatu baadaye, Roma akasema waliteswa. Hapo hakuna aliyecheka. Mwaka huohuo akatoa wimbo wa Zimbabwe, na miaka ya mbele akahamia Marekani.

Angalieni hiyo tofauti, wadau. Ndani ya wiki mbili msanii mmoja kaambiwa endelea kuimba, mwingine kachukuliwa. Msanii mdogo chipukizi anayetazama hayo anajifunza nini? Anajifunza kwamba usalama wake hauko kwenye sheria, uko kwenye mood ya mtu fulani. Hata Nay mwenyewe hakuendelea kuwa na bahati. Amkeni ya 2023 na Nitasema ya 2024 zote zilimpeleka kwenye matatizo na BASATA.

UKOROFI WA NGUO NDIO UMEBAKI

Baada ya hapo kikafuata kipindi cha ajabu. Mwaka 2018 TCRA na BASATA zikafungia nyimbo nyingi kwa sababu ya maadili. Diamond aliitwa polisi kwa ajili ya video aliyoweka Instagram. Desemba mwaka huo yeye na Rayvanny wakafungiwa kufanya maonyesho kwa kuimba Mwanza, wimbo uliokuwa umepigwa marufuku, na muda mfupi baadaye wakaruhusiwa tena. Mwaka huohuo sisi wa blogu tukawekewa kanuni za maudhui ya mtandaoni, ada zake kwa mwaka wa kwanza zilizidi shilingi milioni 2. Ada zikaja kupunguzwa, lakini ujumbe tuliupata.

Ukiangalia vizuri, nyimbo nyingi kati ya hizo hazikumsema kiongozi yeyote. Zilikuwa mambo ya kitandani. Na kwa mtazamo wangu kufungiwa kwa namna hiyo kuliwapa mastaa matangazo ya bure. Watu wakaenda YouTube kuangalia kuna nini. Msanii anaonekana mkorofi, wazazi wanafoka, biashara inaenda. Hasara kidogo, faida kubwa.

Simlaumu mtu kutafuta hela. Msanii wa leo anaishi kwa ubalozi wa kampuni, maonyesho ya kulipiwa na wadhamini, na kila ukifika uchaguzi, majukwaa ya kampeni. Mwaka 2015 na 2020 tumewaona mastaa wakubwa wakiimba kwa ajili ya chama tawala. Mtu ana wafanyakazi, ana lebo, ana familia. Atamsema nani? Ndiyo maana dogo wangu anawaita waoga. Mimi nasema wamepiga hesabu.

LAKINI JE, VIJANA WANAMUHITAJI STAA ILI WAASI?

Hapa ndipo nilipobadilisha mawazo yangu. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema kwamba bila mastaa wakorofi vijana wanalala. Sio kweli.

Angalia Kenya Juni 2024. Vijana waliingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha, na wimbo uliosikika sana kwenye maandamano ni Anguka Nayo wa Wadagliz. Wimbo wa kucheza! Haukutungwa kwa ajili ya maandamano, vijana wenyewe ndio walioupa kazi hiyo. Uganda ni kinyume chake: Bobi Wine alitoka kwenye muziki, akawa mbunge mwaka 2017, akagombea urais mwaka 2021, na pale staa mwenyewe ndiye amekuwa kinara.

Kwetu sisi mnajua kilichotokea. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, vijana waliingia barabarani, watu waliuawa, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Hakukuwa na staa mbele yao. Iliporudi intaneti, kitu cha kwanza vijana wengi walichofanya ni kuacha kuwafuata mitandaoni wasanii waliopigia kampeni chama tawala. Fikiria hilo. Miaka ya 2001 kijana alimfuata staa kwa sababu kamsemea. Mwaka 2025 kijana alimuacha staa kwa sababu hakumsemea.

Kwa hiyo staa wa kutufundisha kuasi hatumuhitaji. Kuvaa tunajifunza TikTok, kucheza tunajifunza kigodoroni, na hasira tunazo wenyewe.

TUNAMUHITAJI NANI SASA?

Tunamuhitaji mtu wa kusema kile ambacho mtoto wa miaka kumi na tano hawezi kusema bila kuumizwa.

Nitawapa mfano wangu. Nikiwa kidato cha tatu tuliombwa kuandaa burudani ya mahafali. Tukaandika mistari kuhusu michango isiyoisha na uji wenye wadudu. Hatukumtukana mtu. Mwalimu mmoja akaiona siku ya mazoezi, tukala fimbo, tukapewa wimbo wa kuwashukuru wazazi na walimu. Tuliimba vizuri tu, tukapigiwa makofi. Uji uliendelea kuwa vilevile. Siku ile kama kungekuwa na wimbo redioni unaotaja mambo hayohayo, tungeusikiliza tukajua kwamba hatujachanganyikiwa, kuna mtu mkubwa kaona tunachokiona.

Na hapa kwetu mambo ya kuimba yamejaa. Bandari ya Bagamoyo ilisainiwa makubaliano mwaka 2013, mwaka 2019 Rais Magufuli akasema masharti yake hayakubaliki, na watu wa upande wa Mbegani wakabaki miaka mingi hawajui wajenge au wasijenge. Wavuvi, fukwe, vijana wa unga... Mimi singeli inayozungumza habari hizo sijaisikia. Na hatuwezi kusema hatuna wasanii. Mji huu una TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981! Vitali Maembe alisoma hapahapa na ameimba dhidi ya rushwa kwa miaka mingi. Nilimuuliza mdogo wangu kama anamjua. "Ndo nani?" Yaani huyo huyo anayelalamika kwamba hamna wakorofi!

Hapo nikamwambia dogo ukweli, na nawaambia na nyinyi. Sisi mashabiki tuna lawama yetu. Tunapenda mkorofi akiwa anatrendi. Akifungiwa tunaposti siku mbili, siku ya tatu tumehamia kwenye bifu la mastaa wawili kugombania mwanamke. Onyesho lake hatuendi, wimbo wake tunaurusha WhatsApp bure, mdhamini akimkimbia tunasema "kajitakia". Msanii akiona hivyo kwa nini asiende kuimba mapenzi?

Wapo watakaosema muziki ni burudani, tuachieni tucheze. Nakubali. Mimi mwenyewe nacheza singeli na sitaki kila wimbo uwe hotuba. Nyimbo za mapenzi tunazihitaji pia. Ninachokataa ni kuuziwa ukorofi wa nguo kwa bei ya ukorofi wa kusema. Kipimo changu ni rahisi: msanii akifanya vurugu, angalia nani amekasirika na nani amelipa. Kama aliyekasirika ni bibi yako tu na msanii kaongeza wafuasi, hilo ni tangazo. Kama aliyekasirika ni mwenye nguvu na msanii kalala ndani au kapoteza mikataba, huyo kuna kitu kasema, na anastahili tusimame naye hata kama hatukubaliani na kila mstari.

Nilimsomea babu hii makala kabla sijaja kafe kuiweka. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Huyo wa uji wenye wadudu, hakuna aliyewahi kuuliza?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi uimbeni." Dogo akacheka, lakini jana usiku nimemkuta anaandika kitu kwenye daftari, na sio homuweki.

Wewe mdau unasemaje? Msanii gani kwako ni mkorofi wa kweli, na mara ya mwisho ulimuunga mkono kwa hela yako lini? Tuwekee maoni hapo chini, matusi hapana.

Naomba kuwasilisha.